Rochester na Mbuzi wa Kwenye Gunia

Katika sura ya 27 ya riwaya ya Jane Eyre kuna maneno machache ambayo wasomaji wengi huyapita mbio, kwa sababu wakifika hapo roho zao zimeshachanika. Edward Rochester, siku ileile ndoa yake na Jane ilipovunjikia kanisani kwa kugundulika kwamba ana mke aliye hai, anasimulia jinsi alivyoozwa Jamaika akiwa kijana aliyetoka chuoni juzi. Alimkuta mchumba ametafutwa tayari: Bertha Mason, binti wa tajiri wa Spanish Town. Mama mkwe hakumwona, akaelewa kwamba amekwisha kufa. Fungate ilipomalizika akagundua kuwa mama huyo yu hai, ni mgonjwa wa akili, na amefungiwa mahali wanapowekwa wagonjwa wa namna hiyo. Baba yake na kaka yake Rowland walikuwa wakijua yote, ila macho yao yalikuwa kwenye pauni 30,000 alizokuja nazo bibi harusi. Kijana aliuziwa mbuzi kwenye gunia.

Ndipo anaposema maneno yenyewe: kwamba mambo aliyoyagundua yalikuwa machungu, lakini lau si ule usaliti wa kufichwa, asingemlaumu mkewe kwa hayo. Kilichomchoma hakikuwa ugonjwa wa ukoo wa Mason. Kilikuwa kufichwa.

Hiyo ndiyo rula nitakayoitumia kumpimia, maana kaichonga mwenyewe.

Mabishano kuhusu Rochester yana njia mbili zilizokanyagwa mno. Wapo wanaomtetea kwa jinsi anavyopenda, na wapo wanaomhukumu kwa Bertha, mke aliyepatwa na ugonjwa wa akili naye akamfungia chini ya paa la jumba lake. Pande zote mbili hutaka kujua moyo wake ukoje, na moyo wa mtu wa kitabuni haupimiki. Kinachopimika ni nani alijua nini, na alikijua lini. Charlotte Brontë aliitoa riwaya hii London mwezi Oktoba 1847, kwa jina la bandia la Currer Bell, katika juzuu tatu zenye sura 38, na ameipanga kwa namna ambayo unaweza kukaa na penseli ukatia alama pembeni kila mahali ambapo Rochester anajua jambo linalomhusu Jane na Jane mwenyewe halijui. Kazi hiyo inataka usomaji wa pili. Mara ya kwanza tunafichwa pamoja na Jane: yeye ndiye msimulizi, anaandika akiwa ameshakaa katika ndoa miaka kumi, lakini hatuambii lolote mapema. Mara ya pili kila sentensi ya Rochester ina sakafu mbili.

Anza na sura ya 12. Jioni ya baridi, njia ya kwenda Hay imeganda barafu, farasi anateleza, mpanda farasi anateguka kifundo cha mguu. Jane, mwalimu wa nyumbani mwenye umri wa miaka 18, anajitokeza kusaidia. Mgeni anamuuliza anakaa wapi. Jane anaonyesha jumba la Thornfield. Nyumba hiyo ya nani? Ya Bwana Rochester. Unamjua? Hapana, sijapata kumwona. Kwani hakai hapo? Hakai. Yuko wapi basi? Sijui. Na anayeuliza yote hayo ndiye Rochester, mwenye nyumba na mwajiri wa huyo binti anayemwegemea begani. Hajidanganyi wala hadanganyi. Anauliza tu, anapokea majibu, anapanda farasi wake na kuondoka. Ni utani mdogo usiomdhuru mtu, na wengi huuona mtamu. Lakini umbo la uhusiano wao wote limo humo: mmoja amekaa gizani anatazama, mwingine amesimama kwenye mwanga anajibu.

Umbo hilo linajirudia hadi linachosha ukishaliona. Katika karamu ya wageni Rochester anavaa kama bibi mpiga ramli, anawaita wanawake vijana kuwatazamia, na kwa Jane anachimba kujua kama anampenda bwana wa nyumba. Kwa wiki kadhaa anajifanya anamchumbia Blanche Ingram, na baadaye anakiri alitaka Jane aone wivu ili naye apende kwa wazimu kama alivyopenda yeye. Hata usiku wa kuomba uchumba, katika sura ya 23, anaanza kwa kumwambia Jane kwamba amemtafutia kazi Ireland, kwa mama mmoja mwenye mabinti watano, ili tu amwone analia. Uongo wote huo ni wa kuchezea watu. Namna yake ya kupenda ni kumjaribu mtu kwanza, na anayejaribiwa hajui kuwa yuko kwenye mtihani.

Wafanyakazi wengine wa nyumba wanajua angalau nusu ya jambo. Katika sura ya 17 Jane anamsikia Leah, mtumishi wa ndani, akizungumza na mwanamke aliyekuja kusaidia usafi. Leah anasema mshahara wake haufiki hata moja ya tano ya ule wa Grace Poole, mwangalizi wa Bertha. Mwenzake anageuka, anamwona Jane, anashtuka, ananong'ona: kwani yeye hajui? Leah anatikisa kichwa. Jane anahitimisha kwamba Thornfield kuna siri, na kwamba yeye ametengwa nayo kwa makusudi. Anayapokea hayo kwa utulivu wa ajabu, kisha anaendelea na kazi zake.

Sura ya 20 inastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu hapo ufichaji unageuka kutoka mchezo kuwa mfumo. Usiku wa manane ukelele unapasua nyumba. Rochester anawatuliza wageni kwa kusema mtumishi mmoja ameota vibaya, kisha anakuja kumgongea Jane mlangoni, anataka sponji na chumvi ya kunusisha waliozirai. Anampandisha hadi orofa ya tatu. Kitini yuko Richard Mason, mkono na bega vimejaa damu. Rochester anasema anakwenda kumleta tabibu, atakawia saa moja, pengine mbili, na Jane abaki akiipangusa damu kila inapochuruzika. Halafu anatoa amri mbili. Jane asizungumze na majeruhi kwa sababu yoyote. Mason naye asifungue kinywa, maana akisema atahatarisha uhai wake.

Itazame amri hiyo ya pili. Imevaa koti la utabibu: mgonjwa asijichoshe. Lakini Mason ni shemeji wa Rochester, kaka wa mwanamke aliye nyuma ya mlango wa pili wa chumba hichohicho, na sentensi moja tu kutoka kwake ingemwambia Jane kila kitu. Kwa saa hizo mbili Jane anachovya mkono kwenye beseni la maji yaliyochanganyika na damu, mshumaa unafifia, upande wa pili wa mlango kuna mngurumo kama wa mnyama, na watu wawili walio chumbani wametiwa kufuli midomoni. Anaombwa ujasiri, ustadi wa mikono na utiifu, na vyote anavitoa. Kitu pekee anachonyimwa ni sababu.

Kunapokucha, wakiwa bustanini, Rochester anampa ua la waridi na kumwomba fatwa. Tuseme kuna kijana mtundu, anasema, aliyedekezwa tangu utotoni. Akiwa nchi ya mbali akafanya kosa kubwa, siyo jinai, ila kosa ambalo matokeo yake yatamfuata maisha yote. Miaka mingi baadaye anakutana na mtu anayemfufua. Je, si haki avuke kizuizi cha desturi tu ambacho dhamiri yako haikitambui? Ukisoma haraka unaona mtu anayekaribia kuungama. Ukisoma taratibu unaona kizuizi hicho kimeitwa desturi, kumbe ni mke. Jane anaulizwa atoe hukumu huku shahidi mkuu amefichwa orofa ya juu. Na bado anajibu vizuri kuliko swali lilivyostahili: kwamba utulivu wa mtu aliyepotoka usitegemee kiumbe mwenzake.

Alishawahi kumjibu vilevile mapema zaidi. Katika sura ya 14, ambayo kwangu ndiyo sura bora ya mazungumzo katika kitabu kizima, Rochester anatangaza kwamba kwa kuwa furaha amenyimwa, ana haki ya kujipatia raha, liwalo na liwe. Na kwamba anapitisha sheria mpya kuwa nia yake na shabaha yake ni halali. Jane hajui hata kidogo anazungumziwa nini, lakini anamwambia kuwa kama nia hizo zinahitaji sheria mpya ya kuzihalalisha, basi si halali. Kesi yote imekwishaamuliwa hapo, sura 12 kabla ya kanisa.

Tuje kwenye sheria yenyewe, kwa sababu watetezi wa Rochester wana hoja nzito hapa na si vema kuipunja. Mlango wa talaka ulikuwa umefungwa kwake kwelikweli. Uingereza ya kabla ya sheria ya 1857, talaka iliyomruhusu mtu kuoa tena ilihitaji Bunge lipitishe sheria maalumu kwa ajili ya ndoa hiyo moja, na ugonjwa wa akili wa mwenzi haukukubaliwa kuwa sababu ya talaka hadi sheria ya 1937. Yeye mwenyewe anasema kwamba madaktari walipothibitisha Bertha ni mgonjwa, njia za kisheria za kumwacha zilikufa. Upande wa pili, sheria ya 1828 ilimwekea anayeoa tena wakati ndoa yake ya kwanza ingali hai adhabu ya kupelekwa uhamishoni ng'ambo miaka 7, au kifungo kisichozidi miaka 2. Hatari hiyo aliichukua macho wazi.

Ila kuna hatari nyingine iliyokuwa ya Jane peke yake, na hiyo hakuulizwa kama anaitaka. Ndoa ya pili ingekuwa batili tangu siku ya kwanza. Asingekuwa mke, asingekuwa na dai lolote kama mke, na watoto wake wangekuwa haramu mbele ya sheria. Neno letu la ukewenza halifai hapa, maana mke mwenza anajua kwamba ana mwenzake. Sheria ilimfunga Rochester mikono, lakini ulimi haikuufunga. Angeweza kusema: nina mke, hali yake ni hii, siwezi kukuoa, je utaishi nami? Jane angekataa, bila shaka, na hilo ndilo lililomnyamazisha. Anakiri mwenyewe katika sura ya 27 kwamba alikosea kumdanganya, kwamba alihofia ukaidi wa tabia yake, na kwamba alitaka kumpata kwanza ndipo amwage siri. Ni ungamo la kweli, ingawa limekuja katikati ya kubembeleza, na ungamo la namna hiyo huwa na kazi nyingine mfukoni.

Usiku wa kuamkia harusi, Jane anamsimulia jinsi mwanamke asiyemjua alivyoingia chumbani mwake na kulipasua shela vipande viwili. Rochester anatetemeka. Shela lililopasuka liko sakafuni, halikanushiki, basi anatunga: atakuwa ni Grace Poole, na mengine ni ndoto. Anaahidi kwamba wakishakaa katika ndoa mwaka mmoja na siku moja atamweleza kwa nini anamweka mtu kama huyo nyumbani. Mwaka na siku moja! Siri inatolewa wakati ambapo haiwezi tena kubadili uamuzi wa anayepewa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwenye ndoo analijua hilo.

Kesho yake kanisani, kasisi Wood anauliza kama kuna kizuizi, ananyamaza kidogo kama ilivyo desturi, na Jane anatuambia kwamba kimya hicho labda hakivunjwi hata mara moja katika miaka mia. Kinavunjwa. Rochester hageuzi kichwa. Anamwambia kasisi aendelee. Mkono wake umeushika wa Jane kwa nguvu. Wakili Briggs kutoka London anasoma hati: Oktoba 20, miaka kumi na mitano nyuma, Spanish Town. Ndipo Rochester anasema jambo la haki kabisa, na lazima aandikiwe upande wa mema: kwamba binti huyu hakujua lolote, alidhani kila kitu ni halali. Hakujaribu kumwingiza Jane kwenye hatia yake.

Kilichomfichua ni fedha, na hapa Brontë amefunga fundo zuri sana. Mshahara wa Jane ulikuwa pauni 30 kwa mwaka, kwa hiyo mali aliyokuja nayo Bertha ilikuwa sawa na mishahara yake ya miaka 1,000. Jane alipoomba ruhusa ya kwenda kumwona shangazi yake, Rochester alimpa noti ya pauni 50 wakati Jane alikuwa anamdai 15 tu. Akaikataa, akapokea 10, akamkumbusha kuwa bado anamdai 5. Wakati wa uchumba, mjini Milcote, alitaka kumnunulia magauni sita, Jane akayapunguza hadi mawili. Kila akivalishwa alijiona mwanasesere. Kwa ajili hiyo akaamua kumwandikia baba yake mdogo, John Eyre, aliyekuwa Madeira, ili siku moja awe na chochote cha kwake. Barua ilipofika, Richard Mason alikuwa hapo Madeira akijiuguza kabla ya kurudi Jamaika. Akalisikia jina la bwana harusi kutoka kwa John Eyre. Laiti Jane angekubali kuvishwa hariri bila manung'uniko, ndoa ile ingefungwa.

Mema ya Rochester si ya kubuni. Adèle, mwanafunzi wa Jane na mtoto wa Céline Varens, hawara wake wa zamani, haamini kuwa ni damu yake, na alimchukua alipotelekezwa Paris. Bertha alimtafutia mwangalizi aliyelipwa vizuri. Alikuwa na nyumba nyingine, Ferndean, iliyojificha zaidi msituni, ambako unyevu wa kuta ungemmaliza mgonjwa polepole bila mtu kuuliza; dhamiri ikamkatalia. Na jumba linapoungua, anawatoa watumishi kwanza, kisha anapanda paani kumfuata mke aliyemchosha miaka kumi na mitano. Bertha anaruka. Yeye anapoteza jicho moja na mkono wa kushoto, na jicho la pili nalo linazimika. Mtu anayetaka mke wake afe hapandi paa linalowaka.

Lakini Bertha mwenyewe hapati hata sentensi moja ya kusema. Yote tunayoyajua juu yake, ulevi, uzinzi, ukali, tumeyasikia kutoka kwa mwanamume mwenye kila sababu ya kuyasema, na kutoka kwa kaka yake. Brontë mwenyewe aliona kasoro hiyo: katika barua ya Januari 1848 alikiri kwamba alipaswa kumwandika kwa huruma kuliko kwa kutisha. Mwandishi Jean Rhys alikuja kumpa sauti mwaka 1966, katika riwaya yake Wide Sargasso Sea. Na kuna jambo ambalo riwaya inalipita bila kusimama. Rochester anamwambia Jane kwamba kuweka hawara wa kulipwa ni kitu kinachokaribia kununua mtumwa kwa ubaya. Anayesema hivyo alipokea pauni 30,000 za mwenye mashamba wa Jamaika, kisiwa ambacho mashamba yake yaliendeshwa kwa vizazi na watu walionunuliwa. Jane anaishika sehemu moja tu ya kauli hiyo, tena kwa akili kali: kwamba anavyowazungumzia leo mahawara wake wa zamani, Céline, Giacinta na Clara, ndivyo atakavyomzungumzia yeye kesho. Alfajiri anaondoka na shilingi 20, akiacha mkufu wa lulu aliopewa.

Kosa la kawaida la wasomaji ni kuyachukua majeraha ya moto kama risiti: kaumia, kalipa, deni limefutwa. Kitabu hakisemi hivyo kirahisi. Katika sura ya 37 toba ya Rochester inaelekezwa kwa Mungu, kwamba alitaka kulichafua ua lisilo na doa. Ni toba nzuri, ila Jane ndani yake ni ua, na ua halihitaji kuelezwa habari. Mabadiliko yenyewe yako kwingine, kwenye namna Brontë alivyopanga chumba. Jane anarudi akiwa na pauni 5,000 zake mwenyewe, baada ya kugawa sawa na binamu zake watatu urithi wa 20,000. Anachukua sinia la maji kutoka kwa mtumishi, anaingia kimya. Rochester hawezi kuona. Anauliza, ni nani huyu? Jane anajibu kwa kumuuliza kama anataka maji zaidi, maana nusu ya glasi ameimwaga yeye Jane. Ni njia ya Hay tena, ila safari hii mwenye kujua ni mwingine.

Kisha Rochester anamsimulia kwamba usiku wa Jumatatu aliita jina lake mara tatu dirishani na akasikia sauti ikijibu kuwa inakuja. Jane, aliyekuwa mbali sana usiku huo, alikuwa ameusikia mwito huo na kuujibu kwa maneno hayohayo. Anasikiliza hadi mwisho. Anaona kwamba akili iliyoumia hivyo haifai kuongezewa mzigo wa maajabu, na anaamua kutomwambia. Sisi tunajua. Rochester, kwa kadiri kitabu kinavyotueleza, hakuambiwa.